Siku Mama Baluku Alipocheka

Nakumbuka Ijumaa moja ya soko pale Bwera, mwanangu, na ningekuwa na uwezo ningeisahau. Lakini kabla sijaifikia, tumalize kwanza hili lako, maana nimeudhika nawe na sitaki kujifanya sijaudhika. Mzee akinuna bila kusema sababu, vijana hudhani ni magoti yanamuuma. Magoti yananiuma, ndiyo, ila leo si magoti.

Mwezi wa pili sasa tangu tukuchague kuwa katibu wa kikundi chetu cha machela hapa Rukoki. Kazi yenyewe unaijua. Mtu akiugua huko juu mlimani ambako pikipiki haifiki, katibu anaandika kwenye kundi letu la simu, wanaume wanaacha majembe, wanambeba mgonjwa mpaka barabara ya lami. Zamani tulipigiana mayowe kutoka kilima hadi kilima, na mtu hakuwahi kupiga mayowe huku anacheka. Sasa mna simu, mnaandika mkiwa mmelala, kidole kimoja kinaandika na kingine kinachokonoa sikio.

Jumatano iliyopita Mzee Kule, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunachunga mbuzi, aliteleza kwenye shamba lake la kahawa akavunjika paja. Wewe ukapewa habari. Ukaandika nini? Mke wangu alinisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia asinitanie. Uliandika, "Jamani, Mzee Kule ameenda chini tena. Wenye misuli wakamnyanyue." Halafu ukaweka vile vikatuni vya njano vinavyotokwa na machozi kwa kucheka. Vitatu! Kimoja hakikutosha.

Sasa kila mtu hapa anajua kwamba Mzee Kule na pombe ya ndizi ni ndugu wa kuzaliwa. Watu waliposoma maneno yako wakacheka nawe, wakarudi kwenye shughuli zao. Walikuja watatu, na kilima kile kinataka watu wanane wa kupokezana. Mzee alikaa chini ya mibuni tangu saa mbili ya asubuhi hadi jua la utosi, mguu umegeuka upande usio wake, ndipo wakapatikana wengine wa kumbeba. Jana nilipokuuliza ulinijibu kwa utulivu kabisa, huku unatazama simu, kwamba uliandika ameenda chini, na kweli alikuwa ameenda chini, sasa kosa liko wapi. Nilitaka kukupiga kofi la kizee. Sikukupiga kwa sababu jibu hilo nalifahamu. Niliwahi kulitoa mimi mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na miwili, tena kwa kidomodomo kikubwa kuliko chako. Basi weka simu chini, weka kifudifudi isikukonyeze, unisikilize.

Wakati huo simu za mkononi hazijafika kwetu. Pale Bwera kulikuwa na Hajji mmoja, Mwislamu mwenye duka la chumvi na sukari karibu na soko. Mbele ya duka alikuwa amesimamisha nguzo ndefu ya mkaratusi, na juu yake spika mbili, moja inatazama soko, nyingine inatazama mpakani. Zilikula betri ya lori. Yeyote mwenye tangazo alileta karatasi yake dukani: mbuzi aliyepotea, lori linaloondoka kwenda Kasese, dawa ya kunguni, chanjo ya watoto, mkutano wa wazazi. Na mtu wa kusoma matangazo hayo nilikuwa mimi.

Hajji alinichukua kwa sababu sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo. Yangu, mwanangu, ilivuka mpaka ikaingia Congo bila kuulizwa kitambulisho. Nilijivuna nayo. Nilikuwa na mtindo wangu: kila tangazo nililianza kwa "Haya haya haya!" na soko zima linageuza shingo. Mbuzi akipotea, nilisema mbuzi huyu ana ndevu nyingi kuliko bwana wake. Lori likiwa tayari, nilisema dereva ana njaa, msimcheleweshe kwa mkewe. Watu walikuja sokoni hata wasio na la kununua, kunisikiliza tu. Wasichana pia, lakini hilo mama yenu asilisikie.

Katika watu niliowatania, wa kwanza alikuwa Mama Baluku. Alikuwa mjane, aliuza samaki wa kukausha kwa moshi, aliowafuata mwenyewe Kahendero kule ziwani. Meza yake ilikuwa kama hatua thelathini kutoka kwenye nguzo yetu, nikimwona na yeye akiniona. Kila siku ya soko nilimtangaza bure. Nilisema samaki wa Mama Baluku ukimla leo, kesho unamsalimia mbuzi kwa Kiingereza. Yeye naye alinyanyua samaki mmoja kwa mkia, akanionyesha kama fimbo, akasema nikishuka atanichapa naye. Watu wakacheka, samaki wakanunuliwa, kila mmoja akafurahi. Ilikuwa desturi yetu, na sioni ubaya wake hata leo. Mahali pa mzaha pana raha yake.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyo Baluku, kijana wa rika langu, mpole, mpakiaji wa magunia ya kahawa. Wengine wote Mungu aliwachukua wakiwa wadogo.

Hajji alinipa sheria moja siku niliyoanza kazi. Karatasi ya ugonjwa au ya msiba haisomwi kwenye spika. Unataja jina la mtu, unasema aje dukani kwa Hajji, ana mgeni. Unanyamaza. Akija, Hajji alimpeleka nyuma ya duka anapokaa mkewe, akampa kiti na maji ya kunywa, akauliza habari za nyumbani, kisha akamwambia lile lililomleta, polepole, na mke wa Hajji amekaa karibu naye. Hata sisi Wakonzo ndivyo tulivyolelewa. Habari nzito hupewa mtu mzima aipeleke kwa miguu, na akifika haimwagi mlangoni. Anakaa kwanza. Wenye nyumba wakimwona amekaa vile, mioyo inaanza kujiandaa.

Mimi niliona ule ni uoga wa wazee. Nilikuwa nimesoma kidogo, na kijana aliyesoma kidogo ni msumbufu kuliko asiyesoma. Nilijiambia kwamba ukweli ni ukweli, useme moja kwa moja, kuzungukazunguka kunapoteza muda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ubaya wake ni kwamba mara nyingine guu linalovunjika si lake.

Basi Ijumaa hiyo. Baluku alikuwa na siku tatu hospitalini Kisinga, tumbo linamsumbua. Mama yake alikuwa naye hadi Alhamisi jioni, akamwacha anakunywa uji na kuongea, wauguzi wakamwambia anaendelea vizuri. Kwa hiyo asubuhi alirudi Bwera kuuza samaki wake kabla hawajaingia wadudu. Tulimuuliza sote, akajibu mtoto amepona, amebaki kudeka tu. Siku hiyo alikuwa na furaha kweli.

Adhuhuri Hajji alikwenda msikitini. Nilibaki peke yangu na kipaza sauti, na soko lilikuwa limejaa mpaka watu wanakanyagana. Ndipo alipoingia dereva wa pikapu kutoka Kisinga, amebeba karatasi ndogo ya muuguzi. Ilisema Mama Baluku aje hospitali sasa hivi, Baluku amezidiwa. Dereva akaniambia, "Mwambie asichelewe. Mimi napakia nyanya, nusu saa gari inarudi. Nitamubeba bure."

Nusu saa, mwanangu. Na hatua thelathini. Ningeweza kuteremka kwenye makreti niliyosimama juu yake kutangaza, nikaenda mpaka mezani kwake, nikamwambia sikioni. Ningeweza kusema tu, kama sheria ilivyokuwa, Mama Baluku, njoo dukani, una mgeni. Angejua. Kila mtu pale Bwera alijua maana ya mgeni wa Hajji. Lakini nilikuwa nimepamba moto. Nilikuwa nimetoka kusema la kunguni, watu wanashika mbavu, na sikutaka kuzima ule moto wangu. Nikanyanyua karatasi, nikanyanyua kipaza sauti, nikasema kwa sauti ile ile:

"Haya haya haya! Mama Baluku wa samaki! Baluku amezidiwa huko Kisinga, mama unaitwa! Panda pikapu ya nyanya sasa hivi, samaki tutakulindia sisi wenye njaa!"

Akacheka. Alirusha kichwa nyuma akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka. Akamkamata samaki kwa mkia, akanipungia, akajibu kwa nguvu ili wote wasikie: "Amezidiwa na njaa, huyo! Mwambie nitamuletea kichwa ya samaki jioni!" Safu nzima ya samaki ikacheka, na safu ya nyanya, na wale wa mihogo.

Nami nikacheka. Hili huwa naliruka ninapowasimulia watu wengine. Nilicheka, nikafurahi kwamba nimempata tena Mama Baluku, nikaendelea na tangazo la viatu.

Baada ya nusu saa niliiona pikapu ikiondoka, nyanya nyuma, kiti cha mbele kitupu. Nilimwona na yeye, bado anampimia mteja samaki. Moyo ukanidunda kidogo. Nikaunyamazisha. Nikajiambia mimi nimeshasema, jina nimetaja, hospitali nimetaja, masikio ni yake. Ungeniuliza wakati ule, ningekujibu kama ulivyonijibu jana.

Hajji aliporudi kutoka swala alikuta karatasi kwenye meza, chini ya kikombe changu cha chai. Akaisoma. Akauliza kama mama amekuja. Nikamjibu kwamba nimemtangazia zamani. Akatazama nje, akamwona Mama Baluku kule mezani kwake anafukuza nzi. Alitoka na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akapita katikati ya maji ya samaki na maganda ya ndizi mpaka kwake, akainama, akasema naye. Sikusikia alichosema, maana sauti yake ilikuwa ndogo. Niliona tu Mama Baluku ameweka chini samaki aliyemshika, akafuta mikono kwenye kanga, akafuta tena, akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

Hajji akamtafutia lori la rafiki yake. Waliondoka saa nane na nusu. Walipofika Kisinga, Baluku alikuwa amekufa, na mwili bado una joto. Muuguzi akawaambia kwamba ile pikapu ya nyanya ilipofika, kijana alisikia mlio wake nje, akauliza kama mama ameshuka. Wakamwambia bado. Aliuliza mara mbili. Laiti angepanda pikapu ile, angemkuta mwanawe yu hai na anaongea.

Jioni Hajji alirudi dukani. Nilikuwa nimekwisha kuandaa utetezi wangu wote. Nilimwambia kwamba sikuficha kitu, karatasi ilisema amezidiwa nami nikasema amezidiwa, ilisema sasa hivi nami nikasema sasa hivi. Nikamwomba anionyeshe neno nililolipunguza. Nilitaka anifokee, nami nipate la kumrudishia. Hajji alivua kofia, akakaa kwenye gunia la chumvi.

"Neno hukupunguza," akasema. "Lakini mutu anasikia sauti kwanza, maneno inakuja nyuma. Huyu mama, siku zote umemufundisha kwamba ukifungua mudomo, yeye acheke. Leo amefanya vile ulimufundisha. Sasa unamulaumu?"

Mimi mwenye mdomo mkubwa kuliko wote wa Bwera nikachukua kikombe changu cha chai, nikaanza kukisugua. Nilidhani angenifukuza kazi, na hakunifukuza. Aliniambia tu nifunge duka.

Mazishi yalikuwa Jumapili. Nilikwenda nikakaa mbali, nyuma ya migomba, kama mwizi. Kila mtu alijua. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilinichoma zaidi kuliko matusi, kwa sababu mtu aliyetukanwa anapata pa kushika.

Sasa sikia la Jumanne, maana hili ndilo hasa ninalotaka ulichukue. Jumanne ilikuwa siku ya soko tena. Mama Baluku alikuja dukani asubuhi, kichwa amefunga kitambaa cheusi, mkononi ana karatasi. Ilikuwa shukrani kwa wote waliomzika mwanawe, na kuwaarifu siku ya kumaliza matanga. Nikamvuta Hajji pembeni, nikamnong'oneza kwamba tangazo hili alisome yeye, mimi siwezi. Mama Baluku akasikia. Akasema hapana, nisome mimi, na yeye atasimama pale pale asikie.

Nikaanza kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri tangu Ijumaa, na sauti yake nimeitengeneza, nzito, yenye kutetemeka mahali panapofaa. Hakuniacha nifike mbali.

"Usinitengenezee sauti," akasema. "Soma tu."

Nikapanda kwenye makreti. Nikashika kipaza sauti. Sikusema haya haya haya, si mwendawazimu. Nilisema tu, taratibu, "Mama Baluku anawashukuru," na kabla sijafika mbele, safu ya nyanya ikacheka.

Hawakuwa watu wabaya, mwanangu. Wengi wao walitoka vijiji vya mbali, hawakuwa na habari ya msiba. Walisikia ile sauti, wakasikia jina la Mama Baluku, wakajua kinachofuata ni kitu cha samaki. Hata waliojua msiba, wawili watatu walianza kutabasamu kabla hawajakumbuka. Nilimtazama mama yule aliyesimama chini yangu, karatasi iko kwangu na mikono yake mitupu. Hakulia wala hakuwatazama waliocheka. Alinitazama mimi.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Wakacheka wachache. Nikasoma mara ya tatu, neno kwa neno, bila kupanda wala kushuka, nikataja jina la Baluku na kwamba amezikwa Jumapili, na nikasema mama yake anashukuru. Mara ya tatu soko likanyamaza. Wale wa nyanya wakavua kofia. Mama Baluku akachukua karatasi yake kutoka mkononi mwangu, akaikunja ikawa ndogo, akaitia kifuani, akaenda kupanga samaki. Hakuwahi kuninyanyulia samaki tena mpaka alipokufa, na mimi sikuwahi kumtaja tena kwenye spika. Tulisalimiana vizuri. Salamu tu.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, nami nilikuwa nalisikia neno hilo tangu utoto nikidhani linahusu watoto wanaochezea vidonda. Na wewe usidhani nakukataza kucheka. Nani atakaa na katibu aliyenuna? Kwenye lile kundi lenu andikeni vichekesho mpaka betri ziishe, mtaniane juu ya mpira, juu ya Mzee Kule na kibuyu chake. Mimi mwenyewe nilicheka uliposema ndizi za Mzee Kule zinaingia kwenye kibuyu kabla hazijaiva. Lakini mtu akianguka, acha. Simama kwanza, hata ukiwa na haraka, umwone huyo atakayesoma: yuko wapi, nani wake amelala hospitalini, na ameshazoea kusikia nini kutoka kwako. Halafu andika kama mtu aliyesimama mbele yake. Kama ni la kuitana kwa haraka, sema haraka na useme kwa nini: Mzee Kule amevunjika mguu, yuko shambani kwake, tunahitaji watu wanane sasa. Ona, yanazidi yako kwa maneno mawili tu, na hakuna hata kikatuni. Kama ni la msiba, usiandike kabisa mpaka uwe na hakika mwenye msiba ameambiwa na mtu aliyekaa naye. Na kama ni la kumwomba mkubwa wako, usimwandikie kama unaamrisha askari, maana nimeona barua uliyompelekea mwenyekiti, "fika bila kukosa," nikadhani tumepata jeshi jipya Rukoki. Nilikuwa nimeapa sitaigusa barua hiyo leo. Basi nimeigusa.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona kwa siku saba. Mimi ulimi wangu niliubadilisha tangu Jumanne ile, nikajifunza kunyamaza kabla ya kusema, nikajifunza kushuka kwenye makreti na kutembea. Miaka imepita, nimehama Bwera, nimezeeka hapa. Nilipomzika mama yangu mzazi, nilisimama kaburini kuwashukuru watu. Sijatamka hata neno la kwanza, nikamwona mzee mmoja wa Bwera, mtu mwema, aliyekuja kwa heshima na pole zake, ameinua uso kunitazama na ameshaanza kutabasamu. Alikuwa ananisubiri nimchekeshe. Mama yangu yuko ndani ya shimo, na mdomo wangu bado haukuwa umeaminika.

Basi inuka sasa. Nenda kwa Mzee Kule, kwa miguu yako, usimpigie simu. Ukifika usianze na maelezo, kaa kwanza, unywe maji watakayokupa, umuulize usiku alilalaje. Radhi utaiomba baadaye, kwa sauti yako ya kawaida, usiitengeneze. Na Mungu aliyeumba ulimi akauzungushia meno akupe kujua lini ufungue na lini ufunge. Akupe sauti ambayo mwenye shida akiisikia ataacha alichoshika aje mbio, na mwenye msiba akiisikia asione haya kulia mbele yako. Akuzeeshe vizuri kuliko mimi. Nenda, mwanangu. Simu iache hapa, nitakutunzia.